Piga Hodi Kabla ya Kumwagilia

Vijana wangu, nimesikia mmoja wenu ameuliza ni nani yule bibi anayekuja kukaa kwenye benchi karibu na bembea na kuwakodolea macho mnapomwagilia. Ni mimi. Naitwa Salome. Kabla nyinyi hamjaajiriwa, hiyo bustani ya mjini ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu, na nikiwakodolea macho ni kwa sababu mpira wa maji mnaushika vibaya.

Tuanze na hilo, maana likinikaa kooni sitaweza kusema mengine. Hapa ni Singida, si Lushoto. Kuna upepo. Mnafungua bomba jua likiwa limeshapanda, mnainua mpira juu ili maji yapendeze kwenye picha za simu zenu, na upepo unayachukua yote kwenda kuwaogesha bodaboda barabarani. Nyasi zinabaki na kiu na nyinyi mnasema mmemwagilia. Mwagilieni asubuhi mapema, upepo haujaanza, na mdomo wa mpira uwe chini kabisa, kwenye shina. Mtu akitaka kupiga picha mwacheni apige, nyinyi inameni.

Na maji ya ziwa msiyaguse. Najua ziwa liko pale chini linawatazama, na bomba likikata wiki nzima mtashawishika. Mwenzetu Jumanne alishawishika. Alipakia madumu kwenye toroli, akamwagilia maua yote ya getini, akaja kwetu anajisifu kwa ujanja wake. Ziwa letu ni la chumvi, na yeye kazaliwa hapa hapa. Baada ya siku chache maua yalikuwa yamekauka na udongo umekuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Jumanne sasa ana wajukuu, lakini sisi bado tunamwita Chumvi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mkumbo, Mnyiramba wa kule Mkalama, mfupi, mwenye kununa, ugoro puani toka asubuhi. Hakuwa mtu wa kusifia. Ukipanda mche vizuri alipita kimya. Ukiupanda vibaya aliung'oa akakurudishia mkononi mbele za watu. Kwake yeye, shimo la mche katika ardhi hii ya kokoto lilipaswa kuwa mara mbili ya lile ulilodhani linatosha, na samadi iwe imelala msimu mzima, si ile mbichi inayounguza mizizi. Nilimchukia kwa muda mrefu. Baadaye nilimpenda kama baba, na alipofariki nililia kuliko watoto wake.

Mzee Mkumbo alikuwa na jambo lake moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mnaijua kona ya mawe makubwa, ilipo bembea sasa. Zamani ilipakana na zahanati. Nilipoanza kazi zahanati ilikuwa imeshahamishwa na jengo limekuwa ghala la viti vibovu. Pale chini ya mawe pana kipande cha ardhi, upana wa vyumba viwili hivi, ambacho hakikauki. Kiangazi kikibana na bustani nzima ikawa rangi ya gunia, pale panabaki pabichi na nyasi zake zimekolea kijani. Hakuna chemchemi, hakuna mti wa maana. Pana ubaridi, na ukiingia unausikia kwanza kwenye vifundo vya miguu.

Siku ya kwanza nilipotaka kumwagilia upande ule, Mzee Mkumbo alinishika mkono. "Piga hodi kwanza," akasema.

Nikacheka. "Nimpigie nani, mzee? Mawe?"

"Wewe piga hodi, usubiri kidogo, ndiyo ufungue maji. Mtu hamwagiwi maji bila kuambiwa."

Nikapiga hodi kwa kejeli. Hakuna aliyejibu, bila shaka. Tukaanza kazi. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, barabarani watu wanapita na mizigo ya sokoni, na ndani ya kona tuko wawili tu. Katikati ya kumwagilia, Mzee Mkumbo akainua kichwa na kusema, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake: "Marahaba. Marahaba. Marahaba, wanangu." Alikuwa kama mtu anayekatiza shuleni wakati wa mapumziko.

Niligeuka kumtafuta aliyemwamkia. Hapakuwa na mtu.

"Nani hao, mzee?"

"Watoto wa hapa," akajibu, akijifuta ugoro. "Wana adabu kuliko wewe."

Sikupata neno jingine kwake. Nilimuuliza mara nyingi, naye akazidi kununa. Nadhani hata yeye hakujua walikuwa nani. Aliamkiwa akaitikia, kama tulivyolelewa sote huku. Mtoto akikupa shikamoo huwezi kumnyamazia.

Mimi sikusikia kitu. Lazima niwaambie hapa hapa, msije mkanidhania mganga. Miaka yote ile nilipiga hodi, nikasubiri, nikamwagilia, na sikusikia shikamoo hata moja. Mwanzoni nilimshukuru Mungu. Kadiri nilivyozeeka ikaanza kuniuma, nikawa najiuliza nina ubaya gani mimi hata nisisalimiwe.

Aliyekuja kunieleza ni Mama Ntandu. Ni Mnyaturu kama mimi, mtu wa Mkiwa, pale njia panda, ambako aliwauzia abiria wa mabasi vitunguu na kuku. Wakati huo Mzee Mkumbo alikuwa ameshafariki. Asubuhi moja nilipiga hodi kwenye kona, kwa mazoea tu, na sauti ya mwanamke ikanijibu kutoka nyuma ya jiwe: "Karibu." Nilitupa mpira nikakimbia mpaka getini, kiatu kimoja nikakiacha njiani. Jumanne alicheka mpaka akakaa chini. Niliporudi, nimeshika reki kama mkuki, nilimkuta mama wa watu amekaa kwenye jiwe, chupa ya maji miguuni, kiatu changu mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kiatu chako hiki. Mbona unakimbia nyumba uliyoipigia hodi mwenyewe?"

Tukazoeana. Ulipita muda mrefu kabla hajanieleza kilichokuwa kinamleta, na alinieleza kwa kuwa mimi ni mwanamke. Wanaume hawaambiwi mambo haya. Nawaandikia leo kwa ruhusa yake, na wavulana mliomo msome kwa heshima.

Zamani kwetu, mtoto aliyezaliwa amekufa, au aliyekufa kabla hajapewa jina, hakuzikwa pamoja na watu wazima. Mabibi wakongwe walimchukua wakamlaza mahali pabichi, penye ubaridi, ili tumbo la mama yake nalo lisikauke, apate mwingine. Hapakuwa na matanga. Mama hakulia mbele za watu. Hakuonyeshwa alipolazwa mtoto, wala hakuambiwa habari yake yoyote, asije akashikwa na uchungu akamfuata. Sasa, wanawake walikuja kujifungua kwenye zahanati ile kutoka mbali, Mkiwa, Mitundu, hata Kintinku, na waliotoka mikono mitupu wasingeweza kupanda lori na msiba wao. Mabibi waliokuwa wakifagia zahanati waliwapokea wale watoto na kuwalaza kwenye mawe. Baadaye zahanati ikahama, mji ukakua, ofisi ya mji ikaona mahali pazuri pamekaa bure, ikapafanya bustani.

"Wangu alikuwa wa kwanza kabisa," Mama Ntandu aliniambia. "Nimezaa wengine, wazima, wana watoto wao. Mahali penyewe nilipapata kwa kumsumbua bibi aliyembeba. Lakini kama alikuwa wa kike au wa kiume, huyo bibi alikataa kuniambia mpaka anaingia kaburini. Nikimkumbuka mwanangu, sijui nimkumbuke vipi."

Ndiyo maana alikuja na chupa ya maji. Hakuwa peke yake siku zile. Walipita akina mama wengine, mmoja mmoja, anamwaga maji kidogo chini ya mawe, anafunga kitenge chake vizuri, anaendelea na safari ya sokoni. Nikajisemea, kumbe ubichi wenyewe ni huu, nikatulia. Kisha wale akina mama wakazeeka, wakaacha kuja, nikawa nasikia fulani ametutoka, na fulani naye. Akabaki Mama Ntandu, naye miguu ikaanza kumshinda. Mimi nikastaafu. Koki ya upande ule ikaharibika na haikutengenezwa. Kwa miaka hakuna mtu aliyemwagilia pale, na kila nilipopita niliinama nikagusa chini, nikaondoka haraka, kwa sababu palikuwa pabichi vilevile.

Hapo ndipo ukaja mpango wa kuikarabati bustani. Wananchi tuliitwa ukumbini kutoa maoni, nikaenda na Mama Ntandu nimemshika mkono. Ukutani walibandika mchoro mkubwa wa rangi. Watu wa kwenye mchoro wamevaa vizuri, hakuna vumbi, na miti imesimama wima kana kwamba upepo wa Singida nao umepewa likizo.

Mngecheka siku ile. Bodaboda walitaka kijiwe chenye paa. Wanafunzi wa chuo walitaka intaneti ya bure na sehemu ya kupigia picha, wakaulizwa watasoma lini. Mama lishe walitaka wahakikishiwe hawataondolewa. Wazee wa bao walisema benchi lao la saruji lisiguswe, na mmoja akaapa kwamba atakayelivunja aanze na yeye. Mwisho akasimama Alhaji Seif, mwenye duka la vitambaa, mtu wa maneno machache. Akasema uzuri wote huo ni kazi bure kama mtu akibanwa hana pa kwenda. Tunataka choo. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga, maana taabu ya choo pale naijua vizuri.

Mhandisi wa mradi alikuwa msichana mpole anayeitwa Neema. Akanyoosha fimbo kwenye mchoro. "Choo tumekipanga hapa, wazee wangu, kwenye kona ya mawe. Eneo hili lina unyevu, inaonekana kuna bomba la zamani linavuja chini. Tutachimba, tutaliziba, na shimo la maji machafu litakaa hapo hapo."

Makofi tena. Mimi niliwatazama akina mama wazee wa mjini, wanaoijua mila ile. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa na kuvuta mtandio mpaka machoni. Wangesema nini, na ukumbi umejaa wanaume? Mkono wa Mama Ntandu ulikuwa ndani ya mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, ile baridi ya kwenye kona.

"Salome," akaninong'oneza. "Mwanangu wanamwekea choo."

Nilipandwa na hasira, nikataka kusimama nimwage yote hadharani. Akanibana vidole kwa nguvu.

Tulimsubiri Neema nje. Nikamwambia, "Mwanangu, funga hiyo michoro, twende tukakae mahali." Tulikaa kwenye kona, sisi wanawake watatu. Mama Ntandu alijaribu Kiswahili kikamkwama, akahamia Kinyaturu, na mimi nikawa namtafsiria. Neema alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu yake.

"Bibi, mimi nimekuelewa," akasema. "Lakini wakubwa wangu nikiwaambia tuhamishe choo, wataniuliza, na bomba linalovuja je? Niruhusuni nichimbe pembeni tu, nisiingie ndani. Nikikuta bomba, sina ujanja."

"Na usipolikuta?" nikauliza.

"Nitasema ardhi haifai. Choo kitahama."

Akaniuliza kama nakumbuka mabomba yalipita wapi. Sikuweza kumsaidia. Mabomba ya bustani ile kila aliyekuja aliyalaza anavyopenda. Mimi mwenyewe niliwahi kukata moja kwa jembe mahali nilipoapa hapana kitu, siku ya sherehe, tukaoga wote pamoja na mgeni rasmi. Huenda lilikuwepo moja kwenye mawe na mimi sijui. Nilimtazama Mama Ntandu nikaona na yeye ameshalifikiria hilo.

Siku ya kuchimba watu walijaa, kama mnavyoujua mji wetu. Mama Ntandu alikaa kwenye benchi na chupa yake ya maji. Vibarua waliposhika sululu nikawaambia wangoje. Nikasimama ukingoni, nikapiga hodi kwa sauti, mbele ya umati wote. Vijana walicheka. Nikasubiri kidogo, nikawapisha, na sululu ya kwanza ikashuka.

Upepo ukasimama. Nyinyi ni wa hapa, mnajua maana ya maneno hayo. Singida yetu mchana mlango hugonga, bati hulia, mwanamke hutembea ameshika kitenge kwa mkono. Mchana ule bendera ya ofisi ilining'inia. Vumbi lilikaa chini. Wale waliokuwa wanacheka wakaacha, bila kuambiwa na mtu, na tukawa tunasikia chepe likikwaruza na vibarua wakihema.

Juu palikuwa na tope. Chini ya tope, si zaidi ya kiganja, ardhi ilikuwa kavu, inamiminika kutoka kwenye chepe kama unga wa mtama. Wakashuka zaidi, kavu. Wakashuka mpaka sululu ikagonga mwamba. Hakuna bomba, hakuna mkondo wa maji, hakuna chochote. Msimamizi wa vibarua, mwanamume wa Kintinku, mtu mzima na kifua chake, alipiga magoti akaingiza mkono, akautoa umejaa vumbi. Akatazama tope la juu, akatazama tena lile vumbi.

"Sasa haya maji yanatoka wapi?" akauliza.

Akachukua chepe akalifukia shimo mwenyewe, harakaharaka, hata Neema hajamwambia kitu. Alipomaliza kulikanyaga, ule udongo mkavu uliotoka chini ulikuwa umeshaloa. Nyayo za buti zake zikabaki pale, zinajaa maji taratibu mbele ya macho yetu. Ndipo upepo ukarudi, bati zikaanza kulia, na watu wakatawanyika bila kuagana. Niliogopa, sifichi, lakini ndani ya hofu ile nilikuwa na furaha.

Choo kikahamia getini, karibu na barabara, na Alhaji Seif akasema huko ndiko alikokuwa akikitaka tangu mwanzo. Neema alikwenda nami mpaka Mkiwa kumuuliza Mama Ntandu: kona sasa iko wazi kwenye mchoro, je, wazungushe uzio?

Nilidhani atakubali. Mama Ntandu alifikiri, akatikisa kichwa.

"Uzio wa nini? Ni watoto hao," akasema. "Wekeni bembea."

Bembea hazikuchimbiwa chini. Nguzo zake zimefungwa juu ya mawe yenyewe, ndiyo sababu mnaziona zimekaa juu kidogo, na ndiyo sababu nawaomba mkague zile nati kila mara, maana upepo huzilegeza. Na mkienda kumwagilia maua mapya pembeni yake, pigeni hodi. Msubiri kidogo ndipo mfungue. Mkisikia mnaamkiwa na hamuoni mtu, msikimbie kama mimi na kiatu changu. Itikieni vizuri, muendelee na kazi.

Nimebakiza la siku ya ufunguzi. Mama Ntandu aliletwa na bajaji mpaka getini, nikampokea. Upepo ulikuwa wa kupeperusha sufuria. Watoto wa mji mzima walikuwa wamejaa, wanasukumana, na bembea zilizokuwa tupu zilirushwa huku na huku, minyororo inalia. Zote isipokuwa moja, ile ya mwisho, iliyo jirani na jiwe kubwa. Hiyo ilikuwa imetulia. Minyororo yake ilikuwa imekazika, imenyooka, kama inavyokazika mtu akishakaa. Watoto walikuwa wanagombania zile nyingine mpaka kuvutana mashati, lakini ile hakuna aliyeisogelea, na hakuna aliyekuwa amewakataza.

Mama Ntandu aliuachia mkono wangu, akaiendea polepole na fimbo yake. Akasimama nyuma ya ile bembea. Akaweka kiganja hewani, pale ambapo mgongo wa mtoto ungekuwa, akasukuma kidogo. Bembea ikaenda, ikarudi, nzito. Ikaenda tena, ikarudi. Kisha akasimamisha mkono na kuinamisha kichwa, kama mtu mwenye masikio mazito anaposemeshwa na mtoto. Machozi yakaanza kumtoka, mbele za watu wote, naye hakuyafuta.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mama."

Mimi sikusikia kitu, kama kawaida yangu. Akanigeukia, uso umelowa, anacheka.

"Wa kike, Salome," akasema. "Ni wa kike."